Ukweni kwa Baiskeli, Bila Kubadilisha Nguo

Niliondoka Kakamega kwa sababu ya utani ambao nilishindwa kuupuuza. Nafula, msichana ninayetaka kumwoa, alinipigia simu Jumapili jioni akaniambia baba yake amekubali kuniona. "Aje peke yake kwanza," mzee alikuwa amesema, "kabla hajanijazia wazee nyumbani. Na aje mwenyewe, asiletwe." Akiniona nafaa, ningeruhusiwa kumleta baba yangu mdogo, aliyenilea, pamoja na wazee wengine waje kuzungumza habari za ndoa. Akiona sifai, ningelishwa vizuri, nisindikizwe mpaka getini, na mambo yaishie hapo.

Mtu mwingine angepanda gari akaenda. Mimi nililala na lile "asiletwe" siku tatu.

"Asiletwe na nani?" nilimuuliza Nafula. "Na gari?"

"Elisha, baba alikuwa anatania."

"Umejuaje?"

"Alikuwa anacheka."

"Watu huchekanga hata wakiwa hawatanii."

Nafula alikata simu. Kesho yake nilikwenda kwa mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaja, nikamwomba baiskeli yake. Ni ile nyeusi, nzito, ya chuma kitupu, na nyuma bado ina kiti cha sponji alichokuwa akikalisha wateja. Aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia Chekalini, huko Lugari, alitazama mikono yangu, ambayo tangu nimalize chuo mwaka jana haijafanya kazi kubwa zaidi ya kuchapia watu barua katika duka la karatasi, akasema, "Basi nikupe na pampu."

Suala la nguo lilinisumbua kuliko la umbali. Rafiki yangu Brayo yuko katika kikundi cha vijana wa mjini wanaoendesha baiskeli wikendi. Ana kofia ngumu, miwani mikubwa, viatu vinavyonasa kwenye pedali, na kaptura inayobana iliyoshonewa sponji kwa ndani.

"Na suruali ya kitambaa? Mpaka Lugari?" aliniambia. "Utachubuka mpaka ukose pa kukalia. Chukua kaptura yangu, ukifika ubadilishe."

"Nibadilishie wapi?"

Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Mama ambaye hapaswi hata kunitazama usoni, nimfikie na mapaja yamebanwa kama soseji? Kuvua nguo kwenye boma la wakwe pia haiwezekani. Na kubadilisha ndani ya mahindi njiani ni hatari zaidi: mtu anayeonekana akivua nguo katikati ya shamba la wenyewe, katika pande zetu, ana majina mawili tu, mwizi na mchawi, na yote mawili hupigiwa mayowe. Nikaamua kuvaa vile ninavyovaa siku zote: suruali ya kijivu, shati la buluu iliyoiva la mikono mirefu, na viatu vyangu vyeusi vya ngozi.

Alfajiri ya Jumamosi niliondoka Lurambi, mtaa ninaokaa. Sukari, majani ya chai na mikate miwili niliviweka kwenye kikapu cha mbele. Mguu wa kulia wa suruali niliukunja nikaufunga kwa kipande cha tyubu ili usiingie kwenye mnyororo. Barabara ilikuwa na umande, na taa za maduka ya chuoni zilikuwa hazijazimwa. Nilipofika Lubao mgongo ulikuwa umeshalowa. Hapo nilipata somo la kwanza la safari: ukivaa shati, huendeshi kama unafukuzwa. Nilipunguza mwendo mpaka nikaweza kupumua kwa pua, na jasho likakauka lenyewe.

Baada ya Lubao vilima vinaanza. Kilima kikinishinda nilishuka nikasukuma, na hakuna aliyenicheka, kwa maana kila mwenye suruali na baiskeli hapo anasukuma. Vijana watatu waliovaa kama Brayo walinipita wameinama, rangi zao zikimetameta. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama kuwatazama kama watu wanaotazama ndege ikipita, kisha wakanigeukia mimi.

"Mulembe!" mmoja alinisalimu.

"Mulembe, mama."

"Ukifika pale kwa kinyozi, mwambie Mama Rose anasema mtoto haendi leo, ana homa."

Hakuniuliza kama namjua kinyozi wala kama napita huko. Nilifika kwa kinyozi, nikasema ujumbe, kinyozi akasema, "Haya, asante," akaendelea kunyoa. Mbele kidogo mzee mmoja alinipa kamba nimpelekee mwenzake aliyekuwa amefunga ng'ombe kando ya barabara. Nilianza kuwaza kama nitafika Chekalini kabla ya kutumwa Kakamega.

Malava niliingia jua likiwa limechomoza vizuri. Niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa hoteli ndogo, nikaagiza chai na maandazi. Mama mwenye hoteli aliniangalia nikikaa upande mmoja wa benchi kwa uangalifu, akacheka.

"Kiti kimekuumiza. Unaenda kazi?"

"Naenda ukweni. Ni mara ya kwanza."

"Na baiskeli? Hao watu wako hawajui kuna magari?"

"Kwani nimevaa vibaya?"

"Mimi nimesema vibaya? Umevaa kama mtu." Aliniongezea andazi moja juu ya sahani. "Kula. Huko ukipewa chakula usiwaze-waze, kula. Mkwe anayechezea chakula anaogopesha."

Kutoka Malava niliingia ndani ya nchi ya Kabras, miwa kulia na kushoto, mirefu kuliko mimi na baiskeli yangu pamoja. Matrekta yalipita yamebeba miwa inayoning'inia pembeni, nami kila mara nilishuka nikasimama kwenye majani. Hewa ilikuwa nzito na tamu kwa moshi wa mahali wanapopikia sukari nguru. Nilikuwa nimeandaa kichwani majibu ya maswali yote ambayo baba yake Nafula angeweza kuniuliza: kazi, dini, ukoo, kwa nini bado sina kazi ya kudumu, kazi hiyo nitaipata wapi. Nilikuwa nikiyarudia kwa sauti. Mkata miwa mmoja aliyenisikia alijibu, "Amina."

Baadaye miwa ilipungua na mahindi yakaanza, na ardhi ikapanuka. Lugari ni nchi ya mashamba makubwa yaliyokuwa ya Wazungu, yakagawanywa kwa familia zilizokuja kutoka kila pembe ya nchi ya Waluhya. Bado unaona mistari mirefu ya mikaratusi iliyopandwa kama kwa rula. Kipande cha barabara kuu ya malori yaendayo Uganda nilikipita kwa miguu, nje kabisa ya lami, nikisukuma baiskeli kama mgonjwa. Sioni haya kukisema.

Adhuhuri nilifika Chekalini. Ni kituo kidogo: maduka, kisiagi cha mahindi kinachovuma, makanisa, pikipiki zimepangwa kivulini. Nafula alikuwa amenielekeza nifuate barabara ya vumbi mpaka kwenye njiapanda ya shule, kisha niulize. Nilikuwa nimeiacha sauti ya kisiagi nyuma niliposikia mtu anaita.

"We boda! Wewe wa baiskeli! Simama!"

Nilitazama nyuma kuona anaitwa nani. Barabara ilikuwa tupu. Kando yake alisimama mama mmoja mnene kiasi, amevaa gambuti, leso ameifunga kichwani mpaka karibu na nyusi, na miguuni pake kuna debe la unga.

"Unaenda huku ndani?"

"Ndiyo, mama, lakini mimi si..."

"Hata mimi ni huku ndani. Pikipiki siwezi, ilinimwaga mwaka juzi. Shika hili debe."

Nilitafuta maneno ya kumweleza kwamba mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, niko safarini kwa shughuli muhimu, na kila neno lililonijia lilisikika la kujidai. Wakati bado nachagua, debe lilikuwa limefungwa mbele yangu juu ya chuma cha baiskeli, na mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha sponji.

"Utanitoza ngapi?"

"Bure tu, mama."

"Bure? Wewe ni wa kanisa gani?"

Tuliondoka tukiyumba. Alinishika shati mgongoni kwa mikono yote miwili. "Polepole! Unga utaruka," alisema, na kisha, "Wewe ni mgeni kwa hii kazi. Boda wa kweli hasemi pole kwa kila shimo." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumapili. Upepo ulikuwa wa kupendeza, mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, na mama alikuwa na maneno mengi.

"Nimechelewa," alisema. "Leo tuna mgeni, na unga wa nyumbani nikaona ni wa juzi. Nikasema hapana, obusuma ya mgeni ni ya unga wa leo. Kuna kijana wa Kakamega anakuja kwa Nafula wetu."

Miguu yangu iliendelea kuzunguka yenyewe. Mimi sikuwepo tena.

Nilikuwa nimeona picha moja tu ya mama yake Nafula, ya harusi ya kanisani, amevaa sare ya akina mama, kofia imemfunika nusu ya uso. Yeye alikuwa ameona yangu moja, nikiwa na joho la mahafali. Hakuna kati yetu aliyekuja na nguo za kwenye picha.

"Wanasema amesoma sana," aliendelea mgongoni pangu. "Lakini anafikirianga mpaka chai inapoa mbele yake, Nafula mwenyewe ametuambia. Mume wangu anataka kumpima kwa maneno. Mimi maneno sitaki. Naogopa kitu kimoja tu. Mtu wa kuwaza hivyo, ng'ombe akiingia shimoni, si atasimama kando kwanza anawaza? Msichana wangu atavuta ng'ombe peke yake."

Niliwaza. Naweza kunyamaza, nimshushe anapotaka, nizunguke shambani, nifike baada ya saa moja kama mgeni mwingine yeyote. Labda asingenijua. Lakini kila pedali niliyokanyaga nilikuwa nambeba mama mkwe mgongoni, nikijua, na yeye hajui. Mwanzoni, kutojua kulikuwa kwa wote wawili. Kujua kulikuwa kwangu peke yangu.

Nilifunga breki.

"Tumefika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Shuka, tafadhali. Mimi ndiye Elisha."

Nilihisi kiti cha nyuma kimekuwa chepesi. Nilisikia leso ikifunguliwa na kutandazwa, bila shaka ajifunike uso, na hatua za gambuti zikiingia kwenye majani kando ya barabara. Nilishika usukani na kutazama mbele.

"Wewe baiskeli," sauti ikasema, kutoka mbali kidogo. "Mwambie huyo mtu asigeuke."

Sikugeuka.

"Muulize amejua lini."

"Baiskeli," nilisema, "mwambie mama ni sasa hivi tu, alipotaja jina."

"Na kwa nini hakunyamaza? Angeniacha kwa njiapanda, nani angejua?"

"Mwambie aliwaza hivyo."

"Hilo naliamini," sauti ikajibu haraka.

"Lakini mwambie aliona angekuwa anamficha mama jambo hata kabla hajakaribishwa."

Kunguru walipita. Kisha baiskeli ikatumwa tena: mimi nifuate barabara ya juu, mama atapita njia ya mtoni, na tuhesabu hatujaonana. Debe atalibeba mwenyewe kichwani.

"Baiskeli," nilisema, "mwambie mama debe liko hapa na halishuki. Litakuwa nyuma ya ua wa jikoni akifika."

Nilisikia pumzi, sijui ya kicheko au ya uchovu. Hatua za gambuti zikateremka kuelekea mtoni.

Nyumbani kwa Mzee Barasa, baba yake Nafula, pana boma pana lililozungushiwa ua wa miti. Debe nililiacha nilikoahidi, kisha nikaingia kwa lango la mbele. Mzee alitoka zizini, mrefu, mikono imejaa pumba za ng'ombe. Alitazama baiskeli, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu vyenye vumbi.

"Kweli umekuja na hii? Kutoka Kakamega?"

"Ulisema nisiletwe, mzee."

"Nilikuwa natania!"

Nafula, aliyesimama mlangoni, alinitazama kwa macho yaliyosema maneno mengi, karibu yote ya kunilaumu. Tukaingia sebuleni. Nilikuwa nainama kuweka kikapu juu ya meza mzee aliposema, "Hebu simama hapo. Usigeuke."

Kwa mara ya pili siku hiyo, sikugeuka.

"Nani amekushika mgongo?"

Nafula alishusha pumzi kwa sauti. Ndipo nilipokumbuka unga. Juu ya shati la buluu, kama alivyonieleza baadaye, kulikuwa na viganja viwili vyeupe, vidole vyote kumi vikihesabika.

"Nilibeba abiria, mzee. Alikuwa na unga."

"Abiria gani?"

Majibu yote niliyoyaandaa katika miwa ya Kabras hayakunifaa kitu. Kusema ukweli kungemvunjia mama neno lake, na kusema uongo kungekuwa kuanza nyumba kwa mlango wa nyuma. Nikasimama tu, nimewapa mgongo, mikono imeshika kikapu.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la jikoni. "Nafula. Mwambie baba yako hiyo mikono ni yangu."

Mzee alikaa kitini. Mama alieleza yote kwa kupitia Nafula, ambaye hakuhitajika kurudia chochote kwa kuwa sote tulisikia: alivyoita boda, alivyopanda, nilivyosimama nikajitaja. Alisema pia kuhusu debe. Mzee aliuliza maswali kama hakimu.

"Mlishikana mkono?"

"Hapana," pazia likajibu. "Nilishika shati."

"Mlitazamana?"

"Alitazama barabara. Mimi nilitazama unga."

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na nikaelewa kuwa anacheka, kile kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia kwa heshima ya wageni. Alipomaliza alifuta macho. "Basi aliyekosa ni shati. Shati lililoshikwa na mama mkwe haliwezi kukaa kwenye chakula." Akaingia chumbani, akatoka na shati lake, la mirabamiraba, limefifia mabegani, kola imegeuzwa na kushonwa upya. Alinielekeza kwenye nyumba ndogo ya mtoto wake wa kiume anayefanya kazi Eldoret, nibadilishie huko. Langu la buluu lilipelekwa jikoni, na sikuliona tena.

Nilirudi nikala obusuma, ule ugali wa unga wa siku hiyo, na kuku tunayemwita ingokho, na sikuwaza-waza. Tulizungumza habari za mbolea, za mvua, na za ng'ombe mmoja aliyekataa kunyonyesha. Hakuna swali hata moja nililoandaa lililoulizwa. Jioni mzee alinisindikiza mpaka getini akasema, "Safiri salama." Hakusema lolote kuhusu wazee kuja.

Usiku nililala kwenye nyumba ya wageni hapo Chekalini, na asubuhi nikaanza kurudi. Barabara ilikuwa ileile, lakini niliwaza njia nzima. Ameniagaje? Amesema "safiri salama" tu. Kulishwa vizuri na kusindikizwa getini, si ndivyo wanavyofanyiwa waliokataliwa? Na lile shati, je, nilipewa kwa wema, au ili kuondoa uchafu mbele ya chakula? Miwa ilianza tena, nikapita Malava bila kusimama. Hata hivyo kitu kimoja nilikijua kwa hakika, na ndicho nilichotoka nacho Lugari. Kama ningekwenda na kofia ngumu na kaptura ya Brayo, mama yule angeniacha nipite kama ndege. Kwa sababu nilivaa kama mtu yeyote, alinisimamisha kama anavyomsimamisha mtu yeyote, akaniambia hofu yake bila kuipamba. Nilipimwa katika kile kipande kidogo cha barabara ambamo sikujua kuna kipimo, na huko maandalizi yangu yote hayakuwepo.

Alasiri niliingia Kakamega, nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo, aliyekuwa akisubiri habari. Alikuwa ameketi nje ya nyumba akisikiliza redio.

"Wamesemaje?"

"Baba, hawakusema. Mzee aliniaga vizuri, lakini habari yenu hakuigusa kabisa, sasa sijui kama ni adabu au ni..."

Alizima redio. Aliniita karibu kwa kidole, akashika kola iliyogeuzwa na kushonwa upya, akaipapasa.

"Hili si lako."

"La Mzee Barasa. Alilitoa chumbani mwake."

"Mzee akikuvisha shati lake amekuita mwana. Na wewe umetoka huko mpaka hapa ukijiuliza?"

Baba mdogo aliinuka, akaenda mlangoni, akamwita mkewe aliye ndani.

"Mama Beti! Ile koti yangu ya kijivu iko wapi? Ipelekwe kwa dobi."